Je, Street Fighter ya kwanza inafaa kurukwa? Historia ya mchezo uliofunikwa na mdogo wake

Katika vyumba vya mchezo vya Goma, Bukavu au Lubumbashi, pale vijana wanapokaa kwenye benchi wakingoja zamu ya kushika manete, kuna ubishi usiokauka: toleo jipya likishafika, la zamani lina kazi gani tena? Kwa michezo ya mpira wa miguu jibu hutolewa haraka. Kila mwaka wachezaji wamehama, jezi zimebadilika, na aliye na toleo la mwaka huu haulizii la mwaka juzi. Isipokuwa mashine yenyewe iwe ya zamani. FIFA 14 na PES 2014 ndizo zilizokuwa za mwisho katika mifululizo yao kutengenezwa kwa ajili ya PlayStation 2, na wenye mashine hiyo walibaki nazo, wakitaka wasitake.

Michezo ya kupigana ni habari nyingine. Humo hakuna ligi wala uhamisho wa wachezaji. Kuna watu wawili, uwanja mmoja, na saa inayohesabu kwenda chini. Mchezo wa namna hiyo hauzeeki kwa sababu ya kalenda. Ukiachwa, umeachwa kwa sababu kuna mwingine uliofanya vizuri zaidi kile kile. Na hakuna mchezo ulioachwa na dunia nzima kwa namna hiyo kama Street Fighter ya kwanza.

Watu wengi waliowahi kucheza Street Fighter walianza na ya pili. Namba II imeandikwa wazi juu ya mashine na juu ya kasha, na bado ni wachache waliojiuliza ya kwanza iko wapi. Walioiona wengi wao hutoa ushauri mmoja: ruka, usipoteze muda. Ushauri huo una ukweli ndani yake. Lakini historia yenyewe ina mambo ambayo ushauri huo unayaficha.

Mambo yalianza Japani mwaka wa 1987. Wakati huo michezo mingi mikubwa ilikuwa bado inachezwa katika kumbi za mashine, ambako mtu alitumbukiza sarafu, akasimama mbele ya kioo na kucheza mpaka ashindwe. Kampuni ya Capcom ya mjini Osaka ilikuwa inauza mashine za aina hiyo. Kazi ya kutengeneza mchezo mpya wa ngumi na mateke iliongozwa na Takashi Nishiyama pamoja na Hiroshi Matsumoto.

Nishiyama hakuwa mgeni katika ufundi huo. Mwaka wa 1984, alipokuwa katika kampuni ya Irem, alitengeneza Kung-Fu Master, mchezo ambamo mtu mmoja anapanda ghorofa za jengo akiwapiga maadui wanaomjia kwa makundi, na mwisho wa kila ghorofa anakuta mkubwa mmoja anamngoja. Kutoka hapo ndipo lilipozaliwa wazo la Street Fighter: yaondoe makundi yale yote, ubakize lile pambano la mkubwa peke yake. Mtu kwa mtu, mmoja baada ya mwingine. Leo linaonekana wazo la kawaida kabisa, kwa sababu mamia ya michezo imejengwa juu yake.

Ila mchezo ukiumaliza, majina yao halisi huyaoni. Kioo kinaandika Piston Takashi na Finish Hiroshi. Ndivyo zilivyofanya kampuni nyingi za Japani miaka ile, mafundi walitiwa katika orodha kwa majina ya utani. Huenda hiyo ni sababu mojawapo ya jina la Nishiyama kutojulikana hata na watu waliopoteza ujana wao mbele ya kazi yake.

Mashine yenyewe ilitolewa kwa namna mbili, na ile ya kifahari ilikuwa ya ajabu. Badala ya vitufe vya kawaida ilikuwa na vibao viwili vikubwa vya mpira, kimoja cha ngumi na kingine cha teke, vilivyopima nguvu ya mkono wa mchezaji. Ukigonga polepole, mtu wa kwenye kioo anapiga polepole. Ukigonga kwa nguvu zako zote, naye anapiga kwa nguvu zake zote. Kwa hiyo watu waligonga. Waligonga mpaka mikono ikauma, na vibao navyo vikaharibika. Mwenye ukumbi anataka mashine inayoingiza sarafu mchana na usiku, hana haja na mashine inayongoja fundi.

Namna ya pili ya mashine ilitatua shida hiyo kwa hesabu rahisi. Kama nguvu haiwezi kupimwa bila kuvunja kitu, basi igawanywe: ngumi tatu na teke tatu, nyepesi, ya kati na nzito. Jumla vitufe sita. Hesabu hiyo, iliyotokana na vibao vilivyoshindwa, ndiyo ambayo Street Fighter II iliichukua, na ndiyo bado ipo katika Street Fighter 6 ya mwaka wa 2023 kwa yeyote anayechagua kucheza kwa mtindo wa asili. Ni zaidi ya miaka 35. Michezo michache sana inaweza kujivunia uamuzi uliodumu hivyo.

Sasa, kuhusu kucheza kwenyewe, hakuna haja ya kuuremba ukweli. Street Fighter ya kwanza ni ngumu kupendeka. Mchezaji hachagui mpiganaji: anayecheza peke yake ni Ryu, Mjapani mwenye vazi jeupe la mazoezi, na wa pili akija kumpa changamoto anapewa Ken, Mmarekani ambaye anapigana kwa namna ile ile. Wapinzani ni kumi kutoka nchi tano, Japani, Marekani, Uingereza, China na Thailand, ambako Sagat, jitu la jicho moja, anangoja mwisho wa safari. Mtu akiruka, anaruka kama amefungwa kamba. Sauti zilizorekodiwa zinasikika kama redio iliyopoteza mawimbi. Mpinzani akiamua, anakumaliza kwa mapigo machache, na sarafu yako imekwenda.

Halafu kuna mapigo ya siri. Ryu anaweza kurusha mpira wa nguvu kwa mikono miwili, Hadouken. Anaweza kupanda hewani na ngumi juu, Shoryuken, yaani ngumi ya joka linalopanda. Anaweza pia kuzunguka angani na teke lake likawa kama panga la helikopta. Yote matatu yamo tayari mwaka wa 1987. Mchezaji alitakiwa kugundua mwenyewe jinsi ya kuzungusha kijiti cha kuongozea na kubonyeza kwa wakati wake. Hata aliyejua, mara nyingi mashine ilimkatalia. Alizungusha mara kumi, pigo likatoka mara moja. Lakini hiyo mara moja! Mpinzani alipoteza sehemu kubwa ya uhai wake kwa pigo moja tu, na waliosimama nyuma wakauliza: umefanyaje?

Hilo swali la umati nyuma ya mchezaji ndilo lililojenga kila kitu kilichofuata. Ila Nishiyama na Matsumoto hawakulijibu wao. Waliondoka Capcom baada ya mchezo huo na kuhamia kampuni pinzani ya SNK, ya eneo hilo hilo la Osaka.

Capcom ilikaa miaka minne kabla ya kutoa ya pili, na kidogo ingeikosa kabisa. Mwaka wa 1989 ilionyesha mchezo ulioitwa Street Fighter '89, ambamo watu watatu wanatembea mitaani wakipiga magenge. Wauzaji wa mashine wakalalamika kuwa hiyo siyo Street Fighter, ni kitu kingine. Jina likabadilishwa kuwa Final Fight, na mchezo ukapendwa sana kwa jina hilo. Fikiri kama wasingelalamika. Wazo la mtu kwa mtu lingerudi kwenye makundi lilikotoka, na dada Chun-Li asingezaliwa.

Mwanzoni mwa mwaka wa 1991 ndipo Street Fighter II ilipotoka, chini ya usimamizi wa Yoshiki Okamoto, na ubunifu wa Akira Nishitani na Akira Yasuda. Ukiiweka kando ya ya kwanza, unaona jinsi walivyokaa na ile orodha ya makosa wakayafuta moja baada ya jingine. Mchezaji anachagua mmoja kati ya wapiganaji wanane, kila mmoja na mwili wake na akili yake: Zangief wa Urusi anakamata na kutupa, Dhalsim wa India anarefusha mikono, Chun-Li wa China, mwanamke wa kwanza katika mfululizo huo, ana mateke ya kasi. Mapigo ya siri yanatoka ukiyaita, kwa hiyo si siri tena, yamekuwa lugha ambayo wachezaji wanaongea. Toleo la nyumbani kwa Super Nintendo, la mwaka wa 1992, liliuzwa nakala zaidi ya milioni 6 kwa hesabu za Capcom wenyewe.

Kuna jambo moja ambalo ya pili haikulirithi kutoka kwa mtu yeyote, na lilikuja kwa bahati. Noritaka Funamizu, mmoja wa waliokuwa wanajaribu mchezo kabla haujatoka, aliona katika ile sehemu ya kuvunja gari kwamba ukibonyeza kwa wakati halisi, pigo la pili linaingia kabla la kwanza halijaisha. Alifikiri ni vigumu mno kwa watu kuliweza, wakaliacha humo. Wachezaji wakaliweza. Mapigo ya kuunganishwa ndiyo leo yanayotenganisha mwanafunzi na fundi katika karibu kila mchezo wa kupigana, ikiwemo Tekken. Hapo wanaosema ruka ya kwanza wana hoja nzito, maana jambo hilo halitafutwi kule.

Lakini tazama Sagat. Katika mchezo wa pili anarudi akiwa na kovu kubwa linalokata kifua chake kutoka bega hadi tumbo. Hakuna anayeeleza. Anayeanza na ya pili anaona pambo tu, alama ya kumfanya jitu aogopeshe zaidi. Kovu hilo ni la Ryu. Ni Shoryuken ya mwisho wa mchezo wa kwanza. Katika ya kwanza Sagat alikuwa mfalme, mwisho wa safari; katika ya pili amekuwa msaidizi wa mwingine, anayebeba mwilini ushahidi wa siku aliyoanguka. Hata Ryu amebadilika: kule alikuwa na viatu na nywele nyekundu, huku yuko miguu peku. Ya pili inaanza kama mazungumzo yaliyoanza kabla hujaingia chumbani. Unaweza kuyafuata vizuri kabisa, ila kuna vicheko ambavyo hutajua vimetoka wapi.

Na Capcom wenyewe walirudi kuchimba. Mwaka wa 1995, katika Street Fighter Alpha, waliwaleta tena Birdie wa Uingereza na Adon, mwanafunzi wa Sagat, wote wa mchezo wa kwanza. Mwaka uliofuata wakamrudisha mzee Gen wa China. Kampuni yenye fedha na wachoraji wa kutosha, ilipohitaji watu wapya, ilikwenda kwenye lile sanduku ambalo kila mtu alisema halina kitu.

Tena ile kanuni ya kwamba jipya hufuta la zamani, ukiifuata mpaka mwisho inavunjika yenyewe. Street Fighter II ya mwaka wa 1991 haikuruhusu hata wachezaji wawili kuchagua mpiganaji yule yule. Champion Edition ya mwaka wa 1992 iliruhusu, ikawafungua na wakubwa wanne wa mwisho. Mwaka huo huo ikaja yenye kasi zaidi, mwaka wa 1993 ikaja Super, mwaka wa 1994 Super Turbo. Kwa kanuni hiyo, ile ya 1991 inayosifiwa dunia nzima nayo ilipaswa kutupwa baada ya mwaka mmoja. Halafu mwaka wa 1997 ikaja Street Fighter III, yenye michoro laini kuliko yote, na wapiganaji wapya karibu wote. Kati ya wale wa zamani walirudi Ryu na Ken tu. Ndiyo iliyomleta Elena wa Kenya, kwa wanaouliza Afrika ilikuwa wapi muda wote huo. Mashabiki wengi walikasirika. Walirudi kwenye ya pili wakaendelea kuicheza, na hadi leo kuna wanaokutana kushindana kwa Super Turbo. Kwa hiyo namba kubwa haikufuta chochote.

Kilichoifunika ya kwanza, basi, si umri wala namba. Ya pili ilichukua ahadi ile ile na kuitimiza. Pale ambapo mwendelezo unatoa ahadi nyingine, ya kwanza inabaki hai. Mfano wake ni The Legend of Zelda ya Nintendo, ya mwaka wa 1986, ambamo mchezaji anatazama nchi kutoka juu na kwenda anakotaka. Zelda II ya mwaka uliofuata iligeuza mambo, mapigano yakaonekana kwa upande na shujaa akawa anapanda madaraja. Ni mchezo wenye wapenzi wake, lakini ya tatu, mwaka wa 1991, ilirudi kwenye njia ya ya kwanza. Na wakati wa kutengeneza Breath of the Wild, iliyotoka mwaka wa 2017, mafundi wa Nintendo walijaribu kwanza mawazo yao katika mfano mdogo uliofanana na ile Zelda ya 1986. Miaka 30 baadaye, mkubwa bado alikuwa anafundisha. Hapo anayeruka ya kwanza anapoteza kitu cha kucheza, siyo cha kusoma tu.

Turudi Osaka, kwa wale wawili walioondoka. Katika SNK, Nishiyama alitengeneza Fatal Fury, iliyotoka mwaka ule ule wa 1991 uliotoa Street Fighter II. Watu wakasema SNK wanaiga. Waliosema hivyo hawakuwa wamecheza ya kwanza, au hawakujua nani aliitengeneza. Mtu alishtakiwa kuiga nyumba aliyoweka msingi wake kwa mikono yake, na majina ya utani kwenye kioo hayakuweza kumtetea. Hasara ya kuruka mwanzo inaonekana hapo kuliko mahali pengine popote: si starehe inayopotea, ni haki ya mtu.

Kisa hicho kilipata mwisho wa kushangaza. Mwaka wa 2000 Nishiyama alianzisha kampuni yake, Dimps. Capcom ilipoamua kufufua mfululizo huo baada ya kimya cha miaka mingi, Street Fighter IV ya mwaka wa 2008 ilitengenezwa kwa ushirikiano na Dimps. Aliyeondoka baada ya ya kwanza alifika kwenye ya nne, kupitia mlango wa nyuma.

Kwa anayetaka kuijaribu ya kwanza leo, kuna shida moja. Mwaka wa 1988 ililetwa nyumbani kwa jina la Fighting Street, kwa mashine ya PC Engine iliyosoma CD, ikiwa miongoni mwa michezo ya kwanza kabisa ya nyumbani kuwekwa katika CD; vitufe sita vikabanwa kuwa viwili. Mwaka wa 2018 Capcom waliiweka katika mkusanyiko wa michezo 12 wa kusherehekea miaka 30 ya mfululizo, na huko inapatikana kwa mashine za sasa. Lakini hiyo ni ile ya vitufe. Ile ya vibao, iliyopima mkono wako, haiingii katika CD wala katika intaneti. Ilikuwa chuma, mpira na hewa, na mashine zilizobaki zikiwa nzima ni chache.

Kijana mwenye fedha ya saa moja tu katika chumba cha mchezo, na umeme unaoweza kukatika wakati wowote, acheze ya pili bila aibu. Mwenye ule mkusanyiko nyumbani atoe robo saa. Achague Japani, ampige Retsu, akutane na Geki, azungushe kijiti mpaka Hadouken itoke walau mara moja. Kisha afungue ya pili, amtafute Sagat, aangalie kifua chake.